Mkoromo wa Saa Tisa

"Nyange, sikia. Hilary na askari wake wa wanyamapori wanaelekea kivukoni. Majangili wamejibanza kwenye matete ng'ambo, wanawasubiri. Tunawaita redioni, hawapatikani."

"Betri?"

"Wanavurugiwa mawimbi. Mtambo uko huko huko Ifakara. Utafute, uu..."

Simu kutoka makao makuu ikakatika. Mtandao ukapotea kabisa.

Stefania, jasusi aliyepewa jina la Nyange, akakata kona na pikipiki yake ya Boxer kuelekea mtaa wa Katindiuka. Akawasha kipimo cha mawimbi. Mshale ukaruka hadi mwisho, ukagoma kushuka. Kila alikokielekeza, mwisho. Mtambo ulikuwa umekipofusha kama jua la machoni.

Na Hilary alikuwa anatembea.

Uani kwenye nyumba moja, mama mmoja alikuwa akiipiga makofi redio yake.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, mama."

"Milele amina. Marahaba. Kama unauza redio, pita hivi. Hii imenimezea Rozari ya Huruma."

"Kwa jirani je?"

"Kwa Paulina inasikika kwa mbali. Kwa Merina, kule kwenye mashine ya mpunga, mkoromo mtupu. Anasema shetani kaingia kwenye spika."

Stefania akaelewa. Mtambo huo ulikuwa wa ovyo. Uliwekwa uzibe simu na redio za askari, lakini uchafu wake ulimwagika hadi kwenye FM. Na aliyeuwasha hakuwa mtu wa kusali. Angekuwa anasali, angejua kwamba ikifika saa tisa alasiri, nusu ya bonde iko redioni na Bwana wake.

"Niazime, mama."

"Uirudishe. Na stesheni usiniguse."

Akaufuata mkoromo. Sauti ya sala ikafifia, ikafa. Mbele ya mashine ya mpunga redio ilinguruma mpaka ikatetemeka mkononi. Msimu wa mavuno, na mlango umefungwa.

Akaupiga teke.

Nikodemu, fundi redio, alikuwa amekaa juu ya magunia, bastola mapajani. Nyuma yake sanduku jeusi lenye antena sita, feni zikivuma.

"Umepotea, dada. Huku hakuna ibada."

"Zima."

"Nikizima, walionituma wataniua. Nisipozima, wanakufa watu wako. Ungekuwa mimi ungechagua nini?"

Akainua bastola.

Stefania akavuta mfuniko wa bomba la pumba. Pumba zikamwagika kama mvua ya masika. Risasi ya Nikodemu ikatoboa bati. Glock ya Stefania ikajibu mara mbili, zote sandukuni.

Feni zikanyamaza.

Teke la kiganjani. Bastola ikaanguka. Pingu.

Akachomoa redio yake ya mkononi, Motorola.

"Hilary, Nyange hapa. Uko wapi?"

"Majini. Yamefika magotini."

"Rudi. Matete ya ng'ambo yana bunduki."

Milio ya risasi ikajaa redioni. Kisha kimya.

"Nyange... tumetoka. Venance kapigwa mkono. Wote tuko hai."

Akapiga ishara ya msalaba haraka, kama mtu anayefukuza inzi.

Nikodemu alikuwa chini, akikohoa pumba. "Dada, hata maji basi."

"Yako kivukoni. Waombe wenzako."

Akatoka nje juani taratibu, redio ya mama mkononi. Pumba zilikuwa zimemjaa mabegani, wala hakujipangusa.