Bega la Mwalimu wa Kwaya

Mama Gaudiose wa Kanombe alikuwa na kazi mbili. Siku za wiki aliuza mapazia katika duka lake Remera. Jumapili aliongoza kwaya ya parokia. Ukimwuliza ni ipi kazi yake hasa, angekujibu bila kufikiri: kwaya. Mapazia yalimpa chakula, lakini kwaya ndiyo iliyomfanya aamke akiwa na furaha.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiongoza kwa mkono wa kulia. Mkono ukipanda, waimbaji thelathini na sita walifungua koo zao. Ukishuka, walipunguza sauti. Hakuhitaji kusema neno.

Basi, mwezi wa nne, likatokea jambo la kushangaza. Kwaya ilianza kuimba kwa sauti ndogo. Hata aleluya ya Pasaka ilitoka kana kwamba kuna mtoto aliyelala karibu. Watu wa viti vya nyuma walinung'unika kwamba hawasikii kitu. Waimbaji nao walishangaa kulaumiwa. Wao walifuata mkono wa mwalimu, na mkono wa mwalimu siku hizi haukupita kifua.

Bertrand, msaidizi wake, alimfuata baada ya misa.

"Mwalimu, hii iko mtindo mpya?"

"Ndiyo," Gaudiose alijibu haraka. "Tunaimba na unyenyekevu."

Ulikuwa uongo, tena ndani ya uwanja wa kanisa. Gaudiose aliona aibu sana. Lakini angesema nini? Bega lake la kulia lilianza kuuma mwezi wa kwanza. Hakuanguka. Hakugongwa. Hakubeba mzigo. Maumivu yalikuja polepole, yakakaa, na sasa mkono wenyewe ulikuwa unakataa kupanda. Hakuweza kusuka nywele zake. Hakuweza kutundika pazia. Na tarehe kumi na tano Agosti ilikuwa inakuja, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ambayo Kigali wengi huiita Asomusiyo. Siku hiyo kanisa hujaa mpaka nje. Aliogopa kwamba wakijua, watampa Bertrand kwaya yake.

Mwanzoni aliyejua ni mumewe tu, Jean-Berchmans. Huyu alifanya kazi uwanja wa ndege, upande wa kupima mizigo. Alipenda kujua kila kitu kina uzito gani na kimetoka wapi. Bega la mke wake lilimnyima raha.

"Mama Raïssa, kitu haiwezi kuuma bila sababu," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Ulilalia vibaya?"

"Papa Raïssa, nililalia vibaya miezi minne?"

Walijaribu walichojua. Kwanza Gaudiose aliufunga mkono kwa kitenge, ukaning'inia shingoni, ili upumzike. Alifanya hivyo kila siku akiwa nyumbani, wiki sita. Alipoufungua, mkono ulikuwa mgumu zaidi. Kisha wakaenda kwa mzee mmoja anayeunga mifupa. Mzee alishika mkono akauvuta juu kwa nguvu. Gaudiose alipiga kelele, majirani wakatoka nje. Wiki nzima hakulala. Shangazi mmoja alipopiga simu kutoka Bujumbura na kuelezwa, alisema hiyo ni sumu, kuna mtu amemtegea. Jean-Berchmans alikata simu kwa heshima, lakini usiku akaanza kuhesabu maadui. Hakupata hata mmoja.

Mtu aliyefumbua jambo hili aliitwa Mugeni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, jirani mpya, aliyelelewa Karagwe, Tanzania. Kila asubuhi alipanda basi kwenda kazini katika hospitali moja mjini. Jumamosi moja, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, wakati watu wameshaweka majembe chini na mkutano wa mtaa umekwisha, Gaudiose alikwenda kumkaribisha. Alimpa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akaushika mkono huo wa kulia chini ya kiwiko.

Kwa Wanyarwanda na Warundi, hivyo ndivyo unavyomsalimu mkubwa wako. Ni heshima. Mtoto humfanyia mzee, mkwe humfanyia mkwe. Mugeni alishtuka.

"Mama, mimi ni mtoto kwako. Mbona unanisalimu kama mama mkwe?"

"Ni adabu tu, mwanangu."

Mugeni aliitikia. Lakini macho yake yaliendelea kumfuata. Alimwona Gaudiose akimsalimu kijana wa miaka ishirini vilevile. Akamwona akimsalimu msichana wa shule vilevile. Watu wa mtaa walikuwa wakisema, "Yule mama amekuwa mnyenyekevu kabisa!" Mugeni aliona kitu kingine. Mkono wa kushoto haukugusa tu. Ulikuwa unaubeba ule wa kulia.

Jioni akabisha hodi. Jean-Berchmans alimfungulia, akamleta sebuleni, akamletea chai.

"Mama, naomba nikuulize, na usinikasirikie," Mugeni alisema. "Kazi yangu ni kine, mazoezi ya kutibu viungo. Bega la kulia lina muda gani linakuuma?"

Gaudiose alimtazama mumewe. Mumewe aliinua mikono juu.

"Mimi sijasema kitu! Naapa!"

"Heshima yako ndiyo imesema," Mugeni alijibu. Wote wakacheka, na Gaudiose akajikuta analia kidogo katikati ya kicheko. Miezi mitano alikuwa ameyaficha maumivu. Sasa alieleza yote, kitenge, mzee wa mifupa, hata sumu.

Mugeni alimwomba asimame, abane kiwiko ubavuni, kisha afungue mkono kwenda nje, kama anayefungua mlango. Mkono ulisogea kidogo ukagoma.

"Sasa legeza kabisa. Nitausogeza mimi, taratibu."

Uligoma palepale.

"Umeona?" Mugeni alisema. "Kama misuli ingekuwa imechoka tu, mimi ningeweza kuufikisha mbali. Lakini hata nikikusaidia hauendi. Kiungo chenyewe kimekaza. Hospitali tunaita bega lililoganda. Daktari atahakikisha."

Jean-Berchmans alisogeza kiti. Macho yake yaling'aa.

"Imeganda na nini? Ndani mule iko nini?"

"Mzee, kiungo cha bega kimezungukwa na kifuko. Kifuko hicho ni laini na kimelegea, ndiyo maana mkono unazunguka pande zote. Kwa ugonjwa huu kinavimba, kinakuwa kinene, halafu kinakuwa kidogo. Mama, pazia la pamba likifuliwa mara ya kwanza linafanyaje?"

"Linarudi," Gaudiose alisema. "Linakuwa fupi. Nawaambia wateja kila siku."

"Na hicho kifuko kimerudi hivyo."

"Nani amekifua?" Jean-Berchmans aliuliza.

"Mara nyingi hatujui, mzee. Huja bila kugongwa. Huwapata zaidi watu wa miaka arobaini mpaka sitini, na wanawake zaidi. Si sumu, na hakuna adui. Kwanza yanakuja maumivu makali, miezi kadhaa. Kisha maumivu yanapungua lakini bega linabaki gumu. Mwishoni linaanza kufunguka lenyewe, polepole. Yote yanaweza kuchukua mwaka mmoja, miwili, hata mitatu."

"Mitatu!" Gaudiose alikaa chini. "Na Asomusiyo iko mwezi wa nane!"

"Ihangane, mama, vumilia. Siwezi kukudanganya."

Gaudiose alikuwa amengoja kuambiwa kuna dawa ya wiki mbili. Moyo wake ulivunjika, na hakuficha.

"Basi kitenge ilikuwa kosa?" aliuliza baadaye.

"Kupumzisha siku chache si kosa. Wiki sita ni nyingi. Kiungo kisichosogea kinazidi kukaza. Na kuvutwa kwa nguvu ni kosa jingine. Yule mzee labda anajua mifupa iliyovunjika, lakini hapa hakuna kilichovunjika. Bega hili halipendi kufungwa na halipendi kulazimishwa. Linataka kubembelezwa kila siku."

Kisha Mugeni akauliza swali ambalo hawakulitegemea.

"Mama, umewahi kupima sukari?"

"Sukari? Mimi naumwa bega."

"Najua. Lakini wenye ugonjwa wa sukari hupata bega hili mara nyingi kuliko wengine. Unakunywa maji sana? Unaamka usiku kwenda chooni?"

Jean-Berchmans alijibu kabla ya mke wake. "Mara tatu kila usiku. Nilihesabu."

Jumatatu walichukua kadi ya mituweli, bima yao ya afya, wakaenda kituo cha afya. Walitumwa hospitali ya wilaya. Daktari alimwuliza Gaudiose kama ana homa, ganzi mkononi au maumivu ya kifua, kwa sababu hayo yangekuwa jambo la haraka. Hakuwa nayo. Picha ya mifupa ilionyesha mifupa iko salama. Lakini damu ilionyesha sukari imepanda, tena si kidogo.

Gaudiose alitoka na dawa za sukari, dawa za maumivu, na maneno ya daktari kichwani: "Mama, ungekaa hivi miaka mingine mitano bila kujua, sukari ingeanza kula macho na figo." Daktari alisema pia kuna sindano ya begani inayopunguza maumivu, lakini inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Kwa hiyo wangeishusha sukari kwanza, kisha waone kama sindano bado inahitajika. Haikuhitajika. Fanta ya kila mchana dukani ikawa maji, na sahani ya ugali ikapungua, mboga za majani za dodo na maharage vikaongezeka.

Mazoezi alifundishwa na Mugeni. Kwanza taulo la maji moto begani, dakika kumi. Halafu aliinama, akashika meza kwa mkono wa kushoto, akauacha wa kulia uning'inie na kuzunguka taratibu. Halafu alilala chali na kushika fimbo ya ufagio kwa mikono miwili, viwiko ubavuni, mkono mzima ukiusukuma ule mgonjwa kwenda nje. Mwisho alisimama mbele ya ukuta wa jikoni na kuvitembeza vidole kwenda juu, kimoja kimoja.

"Usikie unavutwa, usisikie unachanwa," Mugeni alisema. "Ukiona bega linauma muda mrefu baada ya mazoezi, kesho fanya kidogo. Usiache. Punguza."

Jean-Berchmans alichukua penseli. Kila Jumapili alichora alama ukutani pale vidole vilipofika, na tarehe. Wiki tatu alama zilikaa mahali pamoja. Gaudiose alikasirika akamwambia atupe penseli. Mumewe alisema kipimo hakina kosa, aendelee. Wiki ya tano alama ilipanda upana wa kidole kimoja. Jean-Berchmans alitoka nje kumwita Mugeni aje kuangalia, kama mtu aliyepata mtoto.

Lakini Agosti haikungoja. Wiki mbili kabla ya sikukuu, Gaudiose alisimama mbele ya kwaya.

"Niliwadanganya," alisema. "Haikuwa unyenyekevu. Bega yangu imeganda. Mkono haupandi, na hautapanda mwezi huu. Kama mnataka Bertrand aongoze, mniambie leo."

Watu walitazamana. Bertrand alisimama.

"Mwalimu, kumbe ni hiyo tu? Mkono wa kushoto iko na kazi gani?"

Walicheka, lakini halikuwa jambo rahisi. Mkono wa kushoto wa Gaudiose haukujua chochote. Ulichelewa, ukawahi, ukawaingiza wanaume mahali pa wanawake. Walirudia mazoezi kila jioni wiki zote mbili, na Bertrand akawa anapiga mguu kumsaidia kuhesabu. Sikukuu ilipofika waliimba vizuri. Kulikuwa na makosa mawili, na Gaudiose anayakumbuka yote mpaka leo. Kwaya ilibaki yake.

Miezi ikapita. Usiku akaanza kulala. Krismasi aliweza kusuka nywele za mbele. Mwezi wa tatu alitundika pazia la mteja, akasimama akiliangalia mpaka mteja akauliza kama lina tundu. Sukari ilishuka na kutulia. Asubuhi na jioni hakuacha ukuta wake.

Ikaja Asomusiyo nyingine. Gaudiose alianza misa kwa mkono wa kushoto, kama alivyozoea. Wimbo wa mwisho ulipoanza, aliuinua na wa kulia. Ukapita kifua. Ukapita bega. Ukapita kichwa. Waimbaji waliona, na sauti zikapanda nao hadi watu waliosimama nje wakageuka.

Wimbo ulifika mwisho. Kwaya ikashika sauti ya mwisho, ikangoja mwalimu ashushe mikono ili wanyamaze. Mikono haikushuka. Wakaendelea kushika. Wanawake walianza kuishiwa pumzi. Bertrand alitoa macho. Padri aligeuka kuangalia kuna nini.

Gaudiose alikuwa amesimama tu, mikono yote miwili juu, anautazama ule wa kulia. Ulikuwa umechukua miezi kumi na tisa kufika pale. Hakuwa na haraka ya kuushusha.