Miche Iliyoupa Mwanga Kisogo

Haya yalimpata rafiki yangu Maureen, kule Sudbury, mji wa kaskazini wenye baridi kali ambako sheria inaruhusu bangi, Januari aliyoanza kupanda bangi ndani ya nyumba. Miche yake minne ilikaa chini ya taa za tyubu, katika chumba cha chini kabisa, ambacho nyuma ya kuta zake ni udongo ulioganda tu. Asubuhi moja akaikuta yote imeinamia ukuta. Akavigeuza vyungu. Kesho yake, ukutani tena.

Akampigia jirani yake Gord, mkulima mzoefu. Gord akacheka.

“Mgeni wa kazi utamjua tu! Umetundika taa juu mno, bibie.”

“Haifuati taa, Gord. Inafuata ukuta.”

“Zishushe!”

Akazishusha hadi zikakaribia majani. Wapi! Akazizima. Mvumo wa tyubu ukaendelea, ukitoka ukutani. Akapapasa gizani, akaugusa ukuta. Ulikuwa na joto, kama taa iliyozimwa sasa hivi.