Karatasi kwenye Ufa

Kila asubuhi Elsie alikoroga udongo ndani ya karai akaziba ufa kwenye ukuta wa chumba chake. Kesho yake ufa ulikuwa wazi tena.

"Ni jua tu," alisema.

Nyumba hiyo ya Sagalla, mlimani juu ya mji wa Voi, ilijengwa na marehemu mumewe. Kaburi lake lilikuwa kando ya jiko. Elsie alitaka naye azikwe hapo.

Chini ya nyumba, mwanawe Donald alikuwa akikata mteremko. Alianza kwa kusawazisha kiwanja cha kujenga. Yakatoka mawe mazuri, akayauza. Basi akazidi kuchimba kuelekea juu, kwa mamake.

Siku moja jirani yao Ben, aliyefanya kazi ya machimbo miaka mingi, aliuona ule ufa. Alibandika kipande cha karatasi juu yake kwa uji mzito.

"Mama Donald, usizibe tena. Hii karatasi ikichanika, jua nyumba inasonga. Toka siku hiyo hiyo."

Kisha akateremka kwa Donald.

"Uko na ruhusa ya kuchimba?"

"Ruhusa ya nani? Shamba ni letu. Title iko kwa sanduku."

"Title ni hati ya shamba tu. Mawe ya kuuza yanataka kibali cha ofisi ya madini. Pia upitie NEMA, wale wa mazingira, na kaunti. Hata kusawazisha mlima hivi, uliza kaunti kwanza. Mtu anakuja kuangalia mteremko. Anakuonyesha pa kuchimba na pa kuacha."

"Hao ni kuzungusha watu tu. Wacha nimalize kazi, Ben."

Ningekuwa Ben, ningemnyang'anya sururu. Ben alienda zake.

Siku ya tatu karatasi ilichanika katikati. Elsie alibeba Biblia na blanketi, akaenda kwa Ben akilia. Mvua ikanyesha siku mbili. Mchana wa siku ya pili nyumba iliporomoka shimoni. Kaburi likafuata.

Donald alifukua jeneza la babake kwa mikono yake. Walimzika mara ya pili, mahali pengine.

"Umemtoa babako nyumbani kwake," Elsie alimwambia. Tangu siku hiyo hakumsemesha.

Donald alienda kwenye ofisi alizotajiwa. Afisa mmoja, Rita, alikuja, akakagua, akamkataza kuchimba mteremko ule. Alimwagiza ajaze shimo na kujenga ukuta wa kuzuia udongo. Mawe yaliyokuwa yakingoja lori yakaishia kwenye ukuta huo. Baada ya miezi mingi Donald alipata vibali vya kuchimba kule chini, penye tambarare, mbali na nyumba.

Kabla ya kumjengea mamake, alimuuliza Rita mahali pa kuweka msingi.

Elsie alihamia nyumba mpya bila neno. Alibandika karatasi ukutani mwenyewe. Mvua za masika zilipiga wiki tatu. Zilipokatika, aliigusa karatasi kutoka juu hadi chini. Ilikuwa nzima.

Akafungua mlango.

"Donald," aliita. "Njoo unywe chai."