Aliyemfuta Shangazi Kobe

Siku ya Alhamisi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Bi Fundi alitoa kanda ya kwanza ya Shangazi Kobe kwenye boksi lake. Ilimbidi airudishe nyuma kwanza, maana mwisho wake ndio uliokuwa nje. Kisha akavaa spika za masikioni, akawasha mashine, akasubiri.

Hakusikia kitu. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Wala hakikuwa kimya cha chumba chenye watu, kwa sababu hicho huwa na pumzi na nguo zinazosuguana. Hiki kilikuwa kimya cha mtu aliyerekodi juu ya kanda bila kuchomeka maiki. Aliisikiliza yote, dakika thelathini na mbili, akitumaini kupata hata neno moja. Alipovua spika, alizibwaga mezani kwa hasira.

"Mtunza kanda!"

"Abee, Bi Fundi."

"Njoo usikie walivyomuua Shangazi."

Bi Fundi alikuwa amestaafu miaka minne. Kituo cha televisheni kilikuwa kimemwita kwa wiki mbili tu asafishe kanda za zamani kwa ajili ya kipindi cha historia ya Tuzo ya Sauti. Jumamosi hiyo tuzo ingetimiza miaka thelathini. Mwaka wa kwanza ilikuwa moja tu, nayo ilitolewa mwisho kabisa wa hafla, wageni wakiwa wameshaanza kuvaa makoti. Majaji walipewa nakala ya kanda iliyokatwa utambulisho, pamoja na fomu. Hawakuonyeshwa sura ya mtu, kwa kuwa walisema sauti ihukumiwe kwa sauti. Miaka mitatu baadaye zikawa mbili, ya katuni na ya tamthilia za kigeni zilizoingizwa sauti. Halafu zikaja za wakongwe, za watoto, na ukuta mzima wa picha pale mapokezi.

Picha ya kwanza kwenye ukuta huo ni ya mwigizaji anayeitwa Malkia. Ndiye aliyepewa tuzo ya kwanza kwa sauti ya Shangazi Kobe, kobe mkali wa katuni aliyelea wajukuu wa watu wote na kukohoa kabla ya kusema ukweli. Jumamosi Malkia angepewa heshima ya miaka thelathini.

Lakini Jumatano alikuja binti wa mpiga chapa wa zamani wa kituo. Alisimama mapokezi, akasema mbele ya watu kwamba Shangazi Kobe ni mama yake. Mama mwenyewe hakuweza kujitetea. Madaktari walikuwa wamemtoa kikoromeo mwaka uliopita, na sasa alizungumza kwa kuandika kwenye daftari. Binti aliomba jambo moja tu: kanda ya kwanza ichezwe tangu mwanzo, kwa sababu zamani kila mwigizaji alitaja jina lake mwanzoni mwa kikao cha kwanza. Malkia alikuwa akipita, akacheka. Binti akapiga kelele, "Kama ni hivyo, kanda zenu zote na ziungue!"

Sasa kanda ilikuwa imefutwa, na karatasi ya majina ya waigizaji iliyokuwa ndani ya boksi haikuwepo.

Saa tatu kamili mwenyekiti wa kamati ya tuzo aliingia maktaba. Wote walimwita Mzee Kata, tangu enzi zake za uongozaji alipokuwa akifoka "Kata!" hata kwa wanaopiga chafya. Malkia alikuwa dada yake, tumbo moja.

"Ni yule binti," alisema. "Ametutisha mchana kweupe. Nimeshapigia polisi, wanakuja saa kumi."

"Nipe mpaka saa hiyo hiyo," alisema Bi Fundi.

"Wewe umeitwa kusafisha kanda, si kupeleleza."

"Kanda yangu imechafuliwa, Mzee. Naisafisha."

Alianza na mtunza kanda, mwanamke mnene mpole ambaye asubuhi ile alikuwa amemchemshia chai bila kuombwa.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Kwenye msumari nyuma ya mlango wangu. Kila mtu anajua, hata paka."

"Kabati hili ulilifungua lini?"

"Mwezi uliopita, wakati wa kuhesabu. Kanda zote mia nne na kumi nilizirudisha mwanzo, moja moja, nikabandika karatasi ya kijani. Vidole viliota sugu, Bi Fundi. Unanishuku?"

"Ningekushuku ningekunywa chai yako?"

Wakafungua maboksi ishirini. Kila kanda ilikuwa na mwanzo nje na karatasi ya kijani juu yake. Bi Fundi alitikisa kichwa, akayafunga.

Saa tano na nusu alikwenda getini kusoma daftari la wageni. Binti aliingia Jumatano saa nane na dakika tano mchana, akatoka saa nane na dakika ishirini. Mlinzi alikumbuka vizuri.

"Alitoka analia, mama. Nikampa kiti akae kivulini, akakataa. Akasema mama yake anamsubiri."

Dakika kumi na tano. Bi Fundi alimshukuru mlinzi kwa kile kiti, akaenda kumtafuta Malkia.

Malkia alikuwa chumba cha mapambo, akijaribu vilemba vya Jumamosi.

"Jana mchana ulikuwa wapi, dada?"

"Hapa hapa, na mshonaji. Muulize. Na hizo mashine zenu sijawahi kuzigusa. Enzi zetu mwigizaji hakuruhusiwa hata kuegemea mlango wa mafundi."

"Kweli. Na Shangazi Kobe ulimrekodi vipi?"

"Nimesimama wima, kama kawaida yangu. Andika hiyo kwenye historia yenu. Katika maisha yangu sijawahi kurekodi nimekaa. Sauti inatoka nyayoni."

"Nimekusikia," alisema Bi Fundi, na kweli aliandika.

Kutoka hapo alishuka chumba cha mafundi. Kulikuwa na droo ya bati ambayo waongozaji hawakuwahi kuifungua, kwa sababu humo mlikuwa na mambo ya mafundi tu: waya gani, maiki gani, maiki iwe juu kiasi gani. Kila kikao kilikuwa na kadi yake. Fundi mkuu wa zamani, marehemu sasa, alizijaza kwa mwandiko wa duara kama wa mtoto wa shule. Bi Fundi alipopata kadi ya Shangazi Kobe, kikao cha kwanza, aliisoma mara mbili. Akakaa chini. Alimkumbuka yule mzee na upole wake, na hasira yake ikaongezeka.

Saa kumi kasorobo walikuwa wote chumba cha kamati: Mzee Kata, Malkia, mtunza kanda, na binti aliyeitwa kwa simu. Binti alikuja na mama yake. Mpiga chapa aliingia taratibu na mkongojo, mguu mmoja ukiburuta kama ulivyoburuta tangu utotoni, akaketi na daftari magotini.

"Polisi wako njiani," alisema Mzee Kata. "Bora akiri mapema."

"Kanda ni dakika thelathini na mbili," Bi Fundi alianza. "Imefutwa kwa kurekodi kimya juu yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna pa kuruka. Binti alikuwa ndani ya geti dakika kumi na tano. Hesabu hiyo haihitaji polisi."

"Basi mtunza kanda," alisema Mzee Kata.

"Mimi?" mtunza kanda alishtuka.

"Huyu hurudisha kila kanda mwanzo," Bi Fundi aliendelea. " Ndivyo walivyofundishwa wa leo. Hii nimeikuta mwisho ukiwa nje. Sisi wa zamani tulifundishwa kuiacha hivyo ikishamaliza kucheza, ili sauti za tabaka moja la kanda zisiambukize jingine kwenye boksi. Mkono ukishazoea haukuulizi. Humu ndani ni wawili tu wenye mkono huo, Mzee. Mmoja ni mimi. Mwingine alianza kazi kama mwendesha mashine za kanda, kabla hajawa mwongozaji."

Mzee Kata alitabasamu. "Mikono haina ushahidi. Na ningefuta kazi ya dada yangu kwa nini?"

"Haikuwa kazi yake." Bi Fundi alitoa kadi, akasoma polepole. "'Maiki, sentimita tisini na nane. Kiti, kiwekewe mto. Mkongojo nimeulaza kwenye kona usije ukaanguka. Asiharakishwe.'"

Aliilaza kadi mezani mbele ya Malkia.

"Malkia, tisini na nane ni kiunoni kwako. Mkongojo ulikuwa wa nani?"

Malkia alimgeukia kaka yake. "Uliniambia karatasi zote umechoma."

"Funga mdomo!"

"Nimefunga miaka thelathini!" Malkia alipiga meza. "Sikwenda siku ile. Nililala. Huyu ndiye aliyekuwa ameapa kwa mkurugenzi kwamba nitakuja, na kama nisingekuja, kazi yake ingeisha. Akamchukua mpiga chapa kwenye mashine yake ya chapa. Kwenye fomu akaacha jina langu. Tukashinda! Ningesema nini?"

"Ungesema hapana," alisema binti. "Mama alikuwa akituigizia Shangazi Kobe tukiugua, halafu anatuambia tusiseme nje, tutaonekana waongo. Mmemfanya mwongo ndani ya nyumba yake."

Mzee Kata alikuwa amezama kitini. "Jumanne waandaaji wa kipindi waliposema kanda zitachezwa tangu mwanzo, nilipinga. Hawakunisikiliza. Jana mchana mafundi wote walikuwa kwenye mazoezi ya hafla, nikaingia nikaifuta. Nilitaka tu nife na heshima yangu."

"Na yeye?" Bi Fundi alifoka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ile ndiyo ilikuwa sauti yake akitaja jina lake mwenyewe! Hana nyingine. Hata ukifungwa miaka mia, hairudi!"

Mpiga chapa aliinua mkono. Akaandika, akamgeuzia Mzee Kata daftari. *Jina langu utalisema wewe. Kwenye televisheni.*

Polisi walipofika, Bi Fundi aliwaomba nusu saa, na askari mwenye cheo, ambaye mama yake alimlea kwa vipindi vya Shangazi Kobe, akavua kofia na kukaa. Mzee Kata aliingizwa chumba cha kurekodia. Akasimama mbele ya maiki na karatasi ya masahihisho: mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Sauti alikuwa nani, na nani aliyemnyima. Mpiga chapa aliketi upande wa pili wa kioo, karibu na Bi Fundi, ambaye alikuwa ameshamtafutia mto.

Mzee Kata alisoma haraka, akaangalia juu.

Mpiga chapa aliandika, binti akabonyeza kitufe na kusoma: "Umelimeza jina. Rudia."

Akarudia. Sauti ilitetemeka.

"Anasema unajihurumia. Rudia."

Mara ya tatu alilia katikati. Mpiga chapa hakupepesa macho. Alizungusha kidole hewani, kama waongozaji wanavyofanya.

Mara ya sita alilitaja jina la mpiga chapa lote, la kwake na la baba yake, wazi, kila herufi mahali pake. Mpiga chapa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika neno moja kubwa, akalibandika kwenye kioo kwa kiganja chake.

*Tena.*