Glavu Zilizofundishwa na Mama

Glavu zilipofika kutoka Goma, aliyezivaa kwanza ni Mama Jeannette, na vidole vyake vikafunguka. Hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza, ingawa siku ile majirani wote waliliita baraka.

Maana vidole vya Mama Jeannette havikuwa vya kufunguka. Tangu mwaka wa vita, kabla binti yake Joëlle hajazaliwa, mikono yake miwili ilikuwa imejikunja kama ya mtu aliyeshika mbegu za mpunga na anaogopa zisimwagike. Alilishwa, aliogeshwa, alifungwa vifungo vya blauzi na wengine. Waliomkumbuka kabla ya hapo walisema Kindu nzima haikuwa na daktilo, mpiga chapa, mwepesi kama yeye. Madaktari walimtazama wakachoka, waganga nao wakachoka. Akabaki kumfundisha Joëlle kazi kwa mdomo tu, mikono ikiwa mapajani.

Joëlle naye aliijua kazi. Alikuwa na kibanda karibu na bandari, akiwaandikia watu barua za maombi, vyeti, na malalamiko yao dhidi ya wakwe. Lakini umeme wa Kindu ni mgeni asiyeaga, na wateja wengi hawawezi kukifuata kibanda. Ndiyo sababu aliziagiza zile glavu: unazivaa, unagonga vidole popote, juu ya goti, juu ya gunia la mchele, juu ya kitanda cha mgonjwa, na maneno yanaingia kwenye simu. Nyumbani kwao kitu kipya hakitumiwi na mtoto kabla mzazi hajakipitishia mkono. Glavu nazo zilikuwa na desturi yao: anayezivaa mara ya kwanza huzifundisha. Hupiga maneno anayoonyeshwa na simu kwa nusu saa, nazo hujifunza mwendo wa vidole vyake.

"Mama, vaa tu kidogo, utie baraka," Joëlle alisema. "Kisha nitazifundisha miye."

Vidole vya mama vikaingia kimoja kimoja, kama kuku wanavyoingia bandani jioni. Kisha vikanyooka, vikaanza kupiga. Vilipiga nusu saa nzima bila kukosea hata herufi moja, na Joëlle akakaa sakafuni akilia kwa furaha. Mama Jeannette hakulia. Alikuwa akiitazama mikono yake kwa jicho la mtu aliyefunguliwa mlango na asiyemtarajia. Alipozivua, vidole vikajikunja upya.

Joëlle angeweza kuyafuta yale mafunzo na kuanza upya na mikono yake mwenyewe. Kitufe kilikuwepo. Lakini ni mtoto gani atakayefuta mkono wa mama yake? Akaziacha hivyohivyo, na zikamtii vizuri. Kwa siku mbili.

Siku ya tatu alikuwa sokoni akimwandikia Mama Nicole, muuza samaki wa Lokandu, barua kwa wakwe zake. Alipomsomea, Mama Nicole akaangua kicheko.

"Tarehe tisa mwezi wa kumi na moja, elfu moja mia tisa tisini na nane? Weye Joëlle! Ule mwaka miye nilikuwa nanyonya bado!"

Joëlle akacheka, akafuta, akaandika upya. Glavu zikarudisha tarehe ileile. Akafuta tena, na mara hii akasikia *ting*, kengele ndogo, kama ile inayolia kwenye mashine za chapa za zamani mstari unapofika mwisho. Akageuka. Nyuma yake palikuwa na magunia ya chumvi tu.

Tangu siku hiyo kengele ilimfuata. Ilimfuata hospitalini, bandarini, na jikoni akikoroga bugali. Kisha ikaja harufu, wino wa utepe wa mashine uliochanganyika na tope la mto, na ilikuja mchana kweupe, jua likiwa utosini. Alipomweleza mama yake, Mama Jeannette alibadilika rangi.

"Usizivae tena," alinong'ona. "Uzitupe mu mto, mu Lualaba."

"Mama, hata wiki moja haiyafika!"

"Nimesema uzitupe."

Hakuzitupa, kwa sababu kesho yake akaja Hamadi.

Jina hilo lilikuwa matusi nyumbani kwao. Joëlle alilishwa chuki ya Hamadi pamoja na uji. Baba yake, Louis, alichukuliwa na wanajeshi mwaka ule wa vita na hakurudi, hata mwili haukurudi. Kila mtu Kindu alijua kwamba rafiki yake Hamadi ndiye aliyewaandikia wanajeshi barua ya kumtaja. Hamadi alikimbia kabla hajapigwa mawe. Sasa alikuwa mzee mwenye pampu ya baiskeli begani na kofia mkononi, amesimama mlangoni pao bila kuthubutu kuingia.

"Mama Jeannette," alisema taratibu, "niko nazeeka. Nataka kufa kwa kiwanja cha baba yangu. Shefu Tambwe wa mtaa alisema, kama mujane wa Louis anaandika kwamba hanikatae, nitabakia. Kama ananikataa, niondoke. Sikuandika ile barua. Mungu anajua, na Louis anajua."

Mama Jeannette aliangalia ukuta. "Shefu atapata barua yangu," alisema.

Mzee alipoondoka, akamgeukia binti yake. "Andika. Andika kwamba njo yeye, ni yeye aliyemuuza Louis, na ninaapa. Na aondoke leo hii."

Joëlle alizivaa glavu kwa moyo mmoja. Miaka yote alikuwa amengoja kumfanyia baba yake jambo, na jambo lenyewe ndilo hili. Mvua ya saa tisa ilikuwa imeanza kupiga mabati. Akaketi, akaweka vidole juu ya meza, akagonga neno la kwanza, na vidole vyake havikungoja la pili, vilikwenda vyenyewe, vikivutwa kutoka ndani ya kitambaa na vidole vingine vilivyokuwa baridi na vyepesi kuliko vyake, na kengele ikalia, na harufu ya wino na tope ikajaa chumba hadi akaionja kwenye ulimi, na alipojaribu kuinua mikono ikawa kama imeshikwa kwa juu na mtu aliyeinama nyuma ya kiti chake, mtu asiyepumua, na kengele ikalia, na mistari ikapanda kwenye simu mmoja baada ya mwingine wakati mama yake pale mlangoni akisema "acha, acha, acha" kwa sauti ndogo isiyoishinda hata mvua, mpaka glavu zikanyamaza zenyewe.

Joëlle akasoma.

*Kindu, tarehe 9 Novemba 1998. Kwa Bwana Komanda. Mimi Hamadi Rashidi, rafiki wa Louis, ninakujulisha kwamba yeye ndiye mwenye zile karatasi zinazowatukana. Halali kwake. Analala nyuma ya jiko la shangazi yake, ng'ambo ya mto, Alunguli. Msivunje mlango. Mwiteni Lulu, atatoka mwenyewe bila hofu.*

Na chini kabisa, upande wa kushoto: *HR/jk.*

Joëlle aliijua alama hiyo kuliko alivyolijua jina lake. Herufi kubwa ni za mwenye maneno, ndogo ni za aliyepiga chapa. Ndivyo alivyofundishwa tangu mdogo. "Daktilo asiyetia alama yake ni mwizi," mama yake alimwambia mara elfu. Na mkono uliozoea haukujua kunyamaza hata siku ile. Jeannette Kalenga alikuwa ameghushi jina la mwingine juu, na chini akaacha lake.

"Mama," alisema. "Nani alikuwa anamuita Papa kwa jina la Lulu?"

Joëlle hakuhitaji jibu. Alijua kutoka kwa mama huyohuyo, katika hadithi za kumlaza, kwamba jina hilo lilikuwa la chumbani, na halikuwa na masikio mengine.

Usiniulize alijisikiaje. Mtu akigundua kwamba kisima alichokunywa maisha yake yote kina maiti ndani, hasemi, anatapika. Naye alitapika, mvuani, nyuma ya nyumba.

Bibi Aïcha, mtabibu wa majini, aliletwa asubuhi na baiskeli. Alifukiza udi, akaomba dua, akanyunyiza maji. Kisha akaziweka glavu mezani, akazinusa, akazisukuma kando.

"Jini haiko humu," alisema. "Iko mu mikono iliyozifundisha. Jeannette, sema. Ile barua njo ilikukunja vidole?"

"Siku ileile," Mama Jeannette alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo. "Nilitupa mashine mu mto. Nikafika nyumba, vidole vikajifunga. Lakini walinilazimisha, Bibi! Walinitia bunduki kwa kichwa. Joëlle, ulikuwa mu tumbo yangu. Ningefanya nini?"

Joëlle akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu jana aliona mahali pa kushika. Bunduki. Bunduki ilikuwa kitu anachoweza kukisamehe.

Mezani, glavu tupu zikajaa. Hapakuwa na mkono ndani yake, lakini kitambaa kilivimba, vidole vikasimama, vikagonga mbao polepole. Simu ikawaka. Bibi Aïcha hakujua kusoma, kwa hiyo Joëlle ndiye aliyesoma kwa sauti, na hadi leo anajuta.

"*Hakukuwa na bunduki. Alikwenda peke yake. Mvua ilikuwa inanyesha, akachukua mwamvuli wa mumewe.*"

Kengele ikalia.

"Louis alikuwa anakwenda Lubutu," Mama Jeannette alisema mwishowe, macho makavu. "Kwa Odette, mwanamke wake wa pembeni. Aliniaga, unasikia? Aliniaga vizuri, na miye na tumbo hivi."

Bibi Aïcha akafunga kitambaa chake cha udi. "Hii jini haitake kuku, haitake marashi," alisema. "Chakula yake njo kile muntu anaficha. Mukisema mbele ya watu, inakufa njaa, inaondoka. Mukinyamaza, itabakia. Na sasa sikia vizuri, Joëlle: wakati weye ulikuwa hujui, ilikuwa na nyumba moja tu. Leo muko wawili munajua, na inaweza kuhama."

Akakataa hata chai, akaondoka.

Siku ya Jumamosi walikwenda kwa Shefu Tambwe. Joëlle alikuwa na simu mkobani, barua ikiwa ndani yake, na njia nzima aliyapanga maneno: Papa alisalitiwa nyumbani kwake, mzee huyu hana kosa. Aliyataka maneno hayo kama mwenye kiu anavyotaka maji. Kucha za mama yake zilikuwa zimezama viganjani hadi damu ikachuruzika kwenye kitenge.

"Watanichoma, mwanangu," mama alinong'ona. "Unawajua vijana wa hapa. Wataniwekea pneu, mpira wa gari, kwa shingo. Nilikulea kwa mikono hii mibovu. Nilikubeba na viwiko."

Hilo lilikuwa kweli. Katika uongo wote wa mwanamke yule, hilo moja lilikuwa kweli: alimbeba kwa viwiko.

Hamadi alikuwa amekaa kwenye ubao, kofia juu ya goti. Watu walijaa hadi barabarani, na vijana kadhaa walikuwa mbele, mikono nyuma. Shefu Tambwe aliuliza swali lake moja.

"Mujane wa marehemu, muntu aliyemuuza mume wako njo huyu?"

Mama Jeannette akainamisha uso kwenye ngumi zake. Shefu akamgeukia Joëlle. "Mutoto, mama iko na huzuni. Umusemee weye."

Hamadi akamtazama. Hakuwa na macho ya kuomba. Alimtazama tu kwa upole, akitafuta uso wa rafiki yake ndani ya uso wake, na nadhani aliupata, kwa maana alitabasamu kidogo.

Joëlle akawatazama wale vijana. Akaitazama damu kwenye kitenge.

"Njo yeye," alisema.

Mzee aliiweka kofia kichwani, akaokota pampu yake, akapita katikati ya mate na matusi akielekea bandarini. Kiwanja cha baba yake kilikuwa upande wa pili.

Njiani kurudi, Mama Jeannette alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Akainua mikono juani. Vidole vilikuwa vikinyooka, kimoja kimoja, kuanzia gumba, baada ya miaka yote ile. Akamshika binti yake mkono ili ahisi, na Joëlle akataka kuuchomoa, akataka kukifungua kiganja amsukume. Kiganja hakikufunguka. Kidole kidogo cha kushoto ndicho kilichotangulia kujikunja, kisha wenzake wakakifuata, na masikioni mwake, karibu kabisa, *ting*.

Mbele ya kibanda mteja alikuwa akisubiri. Mama Jeannette akamketisha Joëlle kwenye kiti cha pembeni, akamfuta machozi kwa vidole laini visivyotetemeka, akampangia mikono mapajani.

"Mwaka wa kwanza njo inauma, mwanangu," alimwambia. "Kisha utazoea."

Akazivaa glavu, akamuuliza mteja shida yake.