Wafanyakazi Thelathini na Wawili wa Mbaraka

"Kanuni zako zimenifungia mashine. Wazee wangu hawaji tena kuposa Kisarawe Ijumaa. Tafuta profesa mwenzio."

Ujumbe huo wa mchumba wake, Mbaraka, ulimkuta Zena Kitwana mbele ya wanafunzi. Akausoma mara mbili, akasema, "Tuishie hapo leo," huyo akashika funguo za gari.

Miaka kumi na tisa mwanamke huyu alikuwa anasomesha sheria. Kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza serikali inavyotunga kanuni za vibali na leseni, nani zinamfaa na nani zinamkaba. Hizi mpya za kusindika chakula aliitwa kuzitolea ushauri, na humo alipigania kifungu kimoja tu: mwenye wafanyakazi chini ya kumi asidaiwe maabara wala vigae ukutani. Sasa imekuwaje? Alipofika Kongowe akapiga simu.

"Mbaraka, uko wapi?"

"Dutumi, nalinda kufuli la serikali. Njoo ulione, linang'aa."

Alimkuta kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mlango wa banda la kusaga mihogo umefungwa. Wanawake wa kijiji walikuwa kwenye mkeka, visu mikononi, hawamenyi.

"Shikamoo, Bi Kudra."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutufungulia au kutuzika?"

"Nataka kuona fomu ya mkaguzi. Mbaraka, iko wapi?"

"Fomu ya nini tena? Yameshaisha."

"Kaikalia hiyo," alisema Bi Kudra.

Zena akaichomoa, akasoma kwa sauti.

"Idadi ya wafanyakazi: thelathini na wawili. Mbaraka, hawa ni akina nani?"

Bi Kudra akaweka kisu chini.

"Mimi namenya mihogo yangu, nasagiwa, nabeba unga wangu. Na wenzangu hivyo hivyo. Katuajiri lini huyu?"

"Bosi, likizo yangu lini?" akadakia mwingine, mkeka mzima ukaangua kicheko.

Mbaraka akainamisha kichwa.

"Mkaguzi aliniuliza mbele za watu. Nikawaza, mtu anayekwenda kuposa profesa aseme yuko yeye na shemeji yake Hamidu, na mashine inayokohoa? Nikawahesabu wote waliokuwa mkekani."

"Ukajua kosa ni lako, ukanilaumu mimi?"

"Aibu ilinizidi, Zena. Nikaona bora nikasirike."

Zena alitaka kumfokea. Badala yake akaketi pale mkekani.

"Nilipokuja hapa kufanya utafiti wa shahada yangu ya udaktari, nilikuja na maswali kurasa arobaini. Ulisemaje?"

"Nilisema maswali yako hayajawahi kushika jembe."

"Nikayachana. Ukanipakia kwenye pikipiki wiki tatu, kijiji hadi kijiji, mvua inatunyeshea. Kile kifungu cha watu chini ya kumi nilikiokota hapa. Niliwaandika nyinyi, wewe na Hamidu. Hiyo mashine inayokohoa ndiyo imenipa uprofesa, na wewe unaionea haya?"

Zena akamtolea kalamu.

"Una siku kumi na nne za kusahihisha. Andika kwamba ulidanganya, mko wawili."

"Tuseme nilikosea hesabu?"

"Ulidanganya, baba," alisema Bi Kudra. "Andika."

Akaandika. Siku ya tatu mkaguzi akaja, akacheka, akafungua kufuli.

Ijumaa wazee walifika Kisarawe, kwa Mzee Amiri, mjomba wake Zena.

"Kijana wenu ana shughuli gani?"

Mshenga, Mzee Zubeir, alikohoa.

"Ametuagiza tuseme hivi: ana mashine moja ya mihogo, na shemeji yake mmoja wa kumsaidia. Basi."

"Mbona hamkumpamba? Wenzenu hupamba."

"Katukataza, mzee mwenzangu. Anasema kupamba kulishamtokea puani."

Zena akaitwa. Yeye ni mjane, na mjane hanyamazi kama mwari. Hutamka kwa kinywa chake.

"Umeridhia?"

"Mjomba, miaka kumi na miwili iliyopita, nilipofika Dutumi..."

"Zena! Nimeuliza ndiyo au hapana, sikuomba mhadhara."

Sebule ikacheka. Zena naye akacheka huku akifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nilitaka kumshukuru kwanza."

"Utamshukuru kwake, una umri wako wote. Umeridhia?"

"Nimeridhia, Mjomba. Alhamdulillahi, nimeridhia."

Hilo "nimeridhia" la pili hata halikusikika. Vigelegele vilikuwa vimeshatoka uani.