Zamu ya Aliyelipiwa

Haya yalimpata kaka yangu wa tumbo moja, kwa hiyo asije mtu akaniambia nimesimuliwa. Alikuwa fundi viatu. Mtaa mzima ulimwita Gundi, maana vidole vyake vilinata hata siku za harusi. Mimi ni mshonaji, na vibanda vyetu vilikuwa ubavu kwa ubavu, tukitaniana kutwa nzima.

Wezi walikuwa wametuchosha, tukaanzisha ulinzi wa kujitolea. Kujitolea ni neno tu; tochi zinataka betri na walinzi wanataka makoti ya mvua. Kila nyumba ilitoa mchango wa mwezi. Nyumba isiyo na hela ilitoa mwanamume wa kuzunguka doria. Na jirani akikulipia, unatoka kwenye doria, unakwenda kulinda geti lake. Kanuni hiyo tuliipitisha wenyewe kwa kunyoosha mikono.

Gundi hakuwa na hela. Mwanawe wa pekee, miaka saba, alikuwa na pumu, na kila kilichopatikana kiliishia kwenye dawa. Akapangiwa doria. Jumapili moja asubuhi mhazini wetu, mwalimu mstaafu, alipita kibandani akichekacheka.

"Gundi, una bahati ya mtende. Umelipiwa."

"Na nani?"

"Nyumba ya mwisho, yenye geti la kijani."

Nilicheka. "Mwalimu, pale hakai mtu. Miaka mingapi sasa?"

"Nilikuwa napita, bahasha yenye jina la Gundi ikasukumwa chini ya geti. Hela ni hela, binti yangu. Mfuko wetu ulikuwa umebaki vumbi."

Hakuinama kutazama ni nani aliyeisukuma. Na sisi hatukwenda kuuliza. Tulifurahi, Mungu atusamehe.

Asubuhi ya kwanza Gundi alirudi na furaha yake.

"Dada, wale watu waungwana. Wamenipa kiti. Na chai."

"Watu gani?"

Akafikiri. "Nyuso sijaziona," akasema taratibu. "Wanapitisha mkono tu."

Mwezi ule suruali zake nilizipunguza mara tatu kwa cherehani. Chakula cha nyumbani akawa hakigusi. Wifi yangu alininong'oneza kwamba akilala hapumui mpaka umguse.

Nikauza cherehani moja, nikaipeleka hela kwa mwalimu mchana kweupe.

"Mrudishie aliyemlipia. Kaka yangu arudi doria."

Mwalimu akafungua daftari.

"Haitatosha."

"Mwezi mmoja tu, Mwalimu!"

"Bahasha zinakuja kila siku, kila moja ina mchango wa mwaka mzima. Mimi naandika tu." Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. "Amelipiwa miaka thelathini na moja."

Chini ya jina la kaka yangu palianza jina jingine. La mwanawe.

Nilikimbia. Jua lilikuwa linazama. Gundi alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, mgongo kwenye geti.

"Twende nyumbani."

"Siwezi, dada."

"Inuka!"

"Jana nilijaribu," akanong'ona. Alikuwa analia.

Nilimshika mkono. Nikavuta. Kitu kikamvuta upande wa pili, kwa upole, bila haraka. Nikapiga mayowe. Taa za majirani zikazimwa, moja moja. Hakutoka mtu. Geti likafunguka kiasi cha mwili kupita. Likafungwa.

Asubuhi polisi walikata kufuli. Lilikuwa limeliwa na kutu, na utando wa buibui ulilifunika lote, haukuwa na tundu hata moja. Ndani kulikuwa na majani ya kufika kiunoni. Hayakuwa yamekanyagwa.

Tulihama, mimi, wifi na mtoto, siku mbili za safari. Hatukumuaga mtu. Tukapanga vyumba viwili katika mji ambao hakuna aliyetujua. Mwezi haujaisha, mwanamke mmoja mchangamfu akabisha hodi, daftari kwapani. Alikuwa anakusanya mchango wa ulinzi wa mtaa huo.

Nilitoa pochi. "Kiasi gani?"

"Nyie hamdaiwi, mama. Ndugu yenu keshalipa."

Akanipa risiti. Ilikuwa imelowa, na mvua hatukuwa tumeiona tangu tuhamie. Jina lililoandikwa lilikuwa la mtoto. Mwandiko ulikuwa wa Gundi.

"Ni mwembamba," mama yule akasema, "lakini ana adabu zake. Hakuinua uso hata kidogo. Amesema mtoto msimharakishe, atamsubiri akue."

Risiti zinakuja kila mwezi. Kwa miaka sita tumehama mara nne tena, na zinatutangulia. Wifi ameacha kuuliza tutahamia wapi. Mwezi huu sauti ya mtoto imeanza kuwa nzito.